Ukurasa mtupu na hadithi ya Mama

Mimi niko Riyadh kikazi, Mama yuko Jeddah. Kila Ijumaa baada ya sala nampigia, ananisimulia alivyotoka Mombasa akiwa na miaka 19, na mimi naandika. Hicho ndicho kilikuwa kiwe kipindi chetu cha mwezi huu. Ngojeni niwaeleze kwa nini mmesikia kingine.

Kuandika Kiswahili kwenye kompyuta yangu ni mtihani. Kibodi ina Kiarabu na Kiingereza; ukisahau kubadili, ukiandika "mama" inatoka ةشةش, kitu hakisomeki. Ukikumbuka kubadili, kisahihishi kinapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, yaani kila neno! Sisi tuliokulia huku tayari tunaona haya na Kiswahili chetu, halafu mashine nayo inatuambia tumekosea. Na WhatsApp ya familia haiishi kulia.

Basi nikahamia kwenye moja ya zile kurasa tupu za mtandaoni. Unaifungua, unaandika. Haina menyu, haitaki akaunti, na hiyo yangu hata mistari myekundu imezima. Wazo lenyewe si geni: WriteRoom ilitoka 2006 kwa ajili ya Mac, maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi, na 2010 ikaja iA Writer ya iPad, iliyoweza kufifisha maandishi mengine ikakuachia yale unayoyaandika tu. Lakini hizo ni za kusakinisha. Hizi za mtandaoni unahitaji kivinjari tu.

Wallahi niliona raha. Mama akisema "chuoni" akimaanisha madrasa, sio yunivasiti, naandika chuoni, na hakuna anayenishika mkono.

Kilichonikuta ni kosa langu mwenyewe. Tovuti moja ya malipo iligoma kufunguka, nikafuta data zote za kivinjari. Nikafuta na Mama. Ijumaa nne, khalas.

Nilidhani maandishi yanakaa huko mbali, kwenye seva ya mtu. Kumbe kurasa nyingi za aina hii hazipeleki kitu popote: zinayaweka ndani ya kivinjari chako, kwenye mashine ileile. Kwa mambo ya nyumbani huo ni uzuri mkubwa, hakuna mtu mwingine anayeyashika. Lakini ukifuta data, yamekwenda. Ukifungua kwenye simu, huyaoni. Ukiandika kwenye dirisha la faragha, ukilifunga tu yamekwisha. Na Safari, tangu 2020, hufuta data za namna hiyo ukikitumia kivinjari siku 7 bila kuigusa tovuti husika. Mtu anayeandika Ijumaa kwa Ijumaa, hesabu mwenyewe. Siku hizi kila nikimaliza napakua faili, kisha najitumia kwa barua pepe. Haichukui hata dakika.

Ijumaa iliyopita nikamwomba Mama tuanze upya. Akacheka: "Si nilishakwambia yote, mwanangu?" Halafu akaanza. Mara hii yumo dada yake mkubwa, aliyemsindikiza mpaka mlangoni na kukataa kumuaga. Mara ya kwanza hakumtaja kabisa. Nikauliza kwa nini. Akaniambia niandike kwanza.