Asilimia 66 ya nini? Rangi ya falanje na neno moja la sokoni

Katika mazoezi ya tafsiri mwaka jana nilipewa tangazo fupi la Kiingereza, lililoandikwa na mfugaji wa Marekani. Lilihusu mnyama mdogo wa kijivu, dume wa miezi minne. Bei yake ilipita ya wenzake wa kijivu kwa sababu ya maandishi haya tu: «66% het» kwa rangi nyeupe. Mimi nikatafsiri: «mweupe kwa asilimia 66». Asistanti alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: «Weupe uko wapi?» Na kweli, kwenye picha mnyama alikuwa kijivu kuanzia puani hadi mkiani.

Mnyama mwenyewe hana jina la Kiswahili. Waingereza humwita kwa jina la sukari, maana hupenda utomvu mtamu wa miti. Wafaransa humwita «phalanger volant», nami hapa namwita falanje. Kwao ni Australia na Guinea Mpya. Ana ngozi iliyotandwa kati ya mkono na mguu, na akijirusha kutoka mti hadi mti huelea hewani. Misitu yetu ya Kongo nayo ina wanyama waeleao hivyo, lakini hao ni wa kundi la panya. Falanje ni wa kundi la kangaruu: mtoto huzaliwa baada ya siku 16 tu, kisha hukulia mfukoni mwa mama karibu siku 70. Kwa kawaida huzaa mtoto mmoja au wawili. Msomaji aiweke akilini hesabu hiyo, tutaihitaji.

Falanje wa porini ni kijivu na ana mstari mweusi mgongoni. Katika vizimba vya wafugaji wamejitokeza wengine: lusistiki, mweupe mwenye macho meusi, albino, mweupe mwenye macho mekundu, krimino, wa rangi ya krimu, platinamu, wa kijivu hafifu kama fedha. Rangi hizi zote hufuata njia moja. Kila mnyama hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, na jeni fiche haionekani mpaka nakala zote mbili ziwe zake. Mwenye nakala moja ni kijivu kama wengine, lakini anaweza kuirithisha. Mozaiki, wa mabakamabaka meupe, ni habari nyingine: hapo nakala moja inatosha, ingawa hakuna awezaye kutabiri mabaka yatakaa wapi, na katika baadhi ya koo zake madume hawazai.

Njia hiyo ya jeni fiche ndiyo inayofuatwa na ualbino wa binadamu. Wazazi wawili weusi, kila mmoja akiwa na nakala moja asiyoijua, wanaweza kumpata mtoto mwenye ualbino. Nakala moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Hata hivyo huku kwetu masengenyo humwelekea mama peke yake.

Sasa turudi kwenye «het». Ni kifupisho cha heterozigoti, neno ambalo Mwingereza William Bateson alilitumia mwaka 1902 alipokuwa akieneza matokeo ya Mendel na mbaazi zake. Limetoka kwenye Kigiriki «heteros», yaani nyingine, tofauti. Heterozigoti ni kiumbe ambaye nakala zake mbili hazifanani. Neno hili halina kiasi. Mnyama ama anabeba ama habebi, kama vile hakuna mwanamke mwenye mimba kwa asilimia 66.

Tuchukue wazazi wawili wa kijivu, wote wabebaji wa jeni ya lusistiki. Kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa mweupe, 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji wa kijivu, na 1 kati ya 4 ya kutobeba kitu. Mtoto akitoka kijivu, ile nafasi ya weupe imefutika. Zimebaki tatu, na mbili kati yake ni za ubebaji. Hiyo ndiyo asilimia 66. Kama ni mzazi mmoja tu anayebeba, soko linasema 50. Ikiwa mzazi mmoja ni mweupe kabisa, linasema 100, maana hana nakala nyingine ya kutoa.

Kosa langu lilikuwa la sarufi kabla ya kuwa la biolojia. Nilisoma sifa ya mnyama mahali palipoandikwa kiasi cha ujuzi wa muuzaji. Kiswahili kina chombo chake kwa kazi hiyo: «huenda».

Na ujuzi hubadilika. Tumpe dume wetu jike mweupe. Akiwa mbebaji, nusu ya watoto watarajiwe weupe. Mtoto wa kwanza akitoka kijivu, ile 66 inashuka hadi 50; wa pili kijivu, 33; wa tatu, 20; wa nne, karibu 11. Akizaliwa mweupe mmoja tu, inaruka hadi 100. Jeni za dume hazikuguswa hata siku moja. Lakini kwa mnyama azaaye mmoja au wawili, kupata watoto wanne kunaweza kuchukua mwaka mzima, na katika muda huo mnunuzi ameshalipa. Ubaya mwingine ni kwamba mwenye haraka ya kuona weupe humpandisha dume kwa dada yake, kwa kuwa ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kubeba nakala ileile. Pamoja na jeni ya weupe, zinakutana pia jeni fiche za maradhi ambazo hakuna aliyeziandika kwenye tangazo.

Niliandika upya: «Dume wa kijivu, huenda anabeba jeni ya weupe, nafasi 2 kati ya 3.» Asistanti aliikubali, ila akaongeza swali chini yake: «Na wazazi wake, nani alithibitisha kwamba ni wabebaji?» Nililisoma tangazo mara mbili zaidi. Halikusema.