Mficha Uchi Hazai: Kichocho na Afya ya Uzazi ya Wanawake wa Kinango

Utangulizi

Kichocho ni maradhi ya siku nyingi katika Kwale. Mtoto anayekojoa damu Kinango au Msambweni hudhaniwa mara moja kuwa nayo. Lisilofahamika sana ni kwamba maradhi hayohayo hushambulia viungo vya uzazi vya mwanamke, na kwamba madhara yake huweza kudumu miaka mingi baada ya damu kutoweka katika mkojo. Makala haya yanaeleza namna madhara hayo yanavyotokea, kwa nini hayatambuliwi, na nafasi ya lugha katika suala hili.

Chanzo cha Maradhi

Kinango ni sehemu kame. Maji ya mvua hukusanyika katika mabwawa na vidimbwi, na wanawake pamoja na wasichana ndio hasa wanaoyaingia ili kuchota na kufua. Humo huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea na kupenya ngozi ya binadamu. Wakishakomaa na kuwa minyoo, huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu na kizazi, na jike hutaga mayai kwa miaka kadhaa. Baadhi ya mayai hutoka kwa njia ya mkojo. Yakifika majini huanguliwa, na mzunguko huanza upya. Mengine, ambayo yana ncha kama mwiba, hunasa katika mlango wa kizazi, ukeni au katika mirija ya uzazi. Mwili hupambana nayo, na hapo ndipo uvimbe, vidonda na makovu hutokea.

Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliigundua minyoo hiyo mjini Kairo mwaka 1851, na mwaka 1899 Frank Madden alieleza, katika mji huohuo, hali ya mwanamke aliyeathirika ukeni. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha za kuwasaidia wahudumu wa afya kutambua hali hiyo mwaka 2015 tu. Makadirio yaliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2019 yalionyesha kuwa huenda wanawake na wasichana milioni 56 kusini mwa Sahara wameathirika.

Dalili na Dhana Potofu

Mwanamke mwenye hali hii huweza kutokwa na majimaji au damu isiyo ya hedhi, kuwashwa, na kuumia au kutokwa damu wakati wa tendo la ndoa. Wengine hupoteza mimba, hutungwa mimba nje ya kizazi, au hukosa kuzaa kabisa. Dalili hizi zinafanana mno na zile za magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za zinaa ambazo haziui minyoo, naye hurudi nyumbani na maumivu yaleyale pamoja na tuhuma mpya. Mume huuliza ameyatoa wapi. Wakwe huuliza mjukuu yuko wapi. Mke mwaminifu huhukumiwa kwa kosa la maji ya bwawani. Kupima mkojo pekee nako hakutoshi, kwani mayai yanaweza kukosekana katika mkojo na hali yamejaa kizazini.

Nafasi ya Lugha

Kiswahili kina neno kichocho, lakini katika mazungumzo ya kawaida neno hilo limefungamana na mtoto na mkojo wake. Kwa mwanamke mzima hutumika tasfida: "sehemu za siri", "ugonjwa wa aibu", "mambo ya kike". Tasfida ni adabu, na adabu ni sehemu ya utamaduni. Hata hivyo, tasfida inapoyaweka maradhi yote ya viungo hivyo katika fungu moja la aibu, mgonjwa hukosa neno la kumwambia daktari, na daktari hukosa sababu ya kuuliza kuhusu bwawa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika suala hili methali hiyo haina haja ya kufasiriwa.

Tiba na Kinga

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, na kwa kawaida hutolewa kwa dozi moja inayopimwa kulingana na uzito wa mtu. Haiwezi, hata hivyo, kufuta kwa uhakika makovu yaliyokwisha kufanyika. Ndiyo maana matibabu ya mapema ni muhimu. Utafiti uliofanyika pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 uliwaona wanawake waliotibiwa kichocho utotoni kuwa na matatizo machache zaidi ya kushika mimba. Aidha, kwa muda mrefu dawa ziligawiwa hasa shuleni, hivyo msichana aliyeacha shule na mama wa nyumbani walisahaulika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza watu wazima nao wapewe, wakiwemo wanaonyonyesha na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Dawa bila maji safi na vyoo haitoshi, kwani anayerudi bwawani huambukizwa tena.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kichocho cha mwanamke ni suala la maji, la tiba na la lugha. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kushirikiana na wahudumu wa afya ili kupata maneno yenye staha na yenye uwazi, yatakayomwezesha mwanamke wa Kinango kueleza maradhi yake bila ya kujishtaki.