Daktari wetu ameitwa Rotary. Sisi tulimwita lini?

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, daktari mmoja kijana anayeswali msikitini kwetu alinisubiri barazani, barua mkononi. "Ustadhi, nimealikwa kujiunga na Rotary. Niende au nisiende?" Mkewe amesikia kwamba hao ni Freemason, na nyumbani hapakaliki.

Swali hili halifai kujibiwa kwa minong'ono. Rotary iliasisiwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu, waliokutana kwa zamu katika ofisi zao. Ndiko lilikotoka jina lenye maana ya kuzunguka. Wanachama hujiunga kwa kualikwa, hulipa ada, na hutarajiwa kuitumikia jamii kwa taaluma zao. Wanawake wamekubaliwa tangu 1989. Tangu 1985 jumuiya hiyo imo katika kampeni ya chanjo ya polio, maradhi yaliyolemaza watoto wetu wengi.

Ni kweli kuwa Baraza la Fiq'hi la Makka lililaani Freemason mwaka 1978, na wapo wanazuoni wanaoitia Rotary katika hukumu hiyo hiyo. Hata hivyo ni jumuiya mbili tofauti. Rotary haina kiapo cha siri, wageni huhudhuria vikao vyake, na Waislamu wa Misri, Uturuki na Pakistan wamekuwamo kwa miongo mingi. Sikumpa fatwa, mimi ni katibu, si mufti. Nilimkumbusha Hilful Fudhul, mapatano ya Maquraishi nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an ya kumtetea aliyedhulumiwa. Mtume (SAW) alishiriki kabla ya utume, na baadaye akasema kuwa lau angeitwa kwenye mapatano kama hayo katika Uislamu, angeitikia.

Lakini mlango wa heri nao una kizingiti. Aulize mapema: kikao kinaangukia Magharibi? Karamu zina pombe? Fedha hukusanywa kwa bahati nasibu? Na ajue kuwa ada ya klabu si zaka, kwa kuwa zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba.

Kisha nikamuuliza kinachomvutia huko. Jibu lake limeninyima usingizi.

"Waliniuliza ninafanya kazi gani. Hapa, kwa miaka minne, nimeombwa saruji, rangi na mafuta ya jenereta. Hakuna aliyeniuliza ninatibu nini."

Barua zile za michango niliziandika mimi, kwa mkono wangu. Katika safu zetu wamo wahasibu, wauguzi, mafundi umeme na mwanasheria mmoja, ilhali wajane wanahangaika peke yao na mirathi mahakamani. Daftari la msikiti lina safu ya jina, simu na ahadi ya mchango. Safu ya taaluma haimo.

Kikao cha kamati kilichofuata kiliiongeza, ingawa mzee mmoja alilalamika kwamba tunaigeuza nyumba ya Allah kuwa ofisi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao daktari atapima shinikizo la damu katika ukumbi wa madrasa, na mwanasheria ameahidi kuwasikiliza wajane siku hiyo hiyo.

Barua ya klabu hajaijibu bado. Mkewe ameshauri ahudhurie kwanza kikao kimoja kama mgeni, na yeye mwenyewe afuatane naye.