Kitambaa cha Kufunikia Kitalu

Ndugu mkulima, miche yako ya nyanya ikikunja majani na kugeuka manjano, usiharakishe kulaumu mbegu. Mara nyingi ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe, na mche uliokwisha ugua hauna dawa. Kinga ni kumzuia mdudu huyo tangu kitaluni.

Wengine hufunika kitalu kwa magazeti. Haya, mvua moja tu, yamekuwa uji! Wengine hutandaza nailoni. Hiyo haichaniki upesi, lakini haipitishi maji wala hewa. Jua la saa saba likiwaka, miche inapikwa humo.

Kipo kitambaa chepesi, cheupe, cha poliesta, ile ile ya mashati, ila hiki hakikufumwa. Kiwandani poliesta huyeyushwa na kukamuliwa kwenye vitundu vidogo mno, zikatoka nyuzi. Nyuzi hizo hutawanywa ovyo ovyo, kisha hushikanishwa kwa joto. Basi mwanga, hewa na maji hupita, nzi mweupe akabaki nje.

Pinda fito juu ya tuta, tandaza kitambaa siku ile ile unayosia mbegu, na ufukie kingo zake kwa udongo pande zote. Ukichelewa, utamfungia mdudu ndani astarehe! Funua kwa muda mfupi tu kung'oa magugu, maana nayo hustawi humo. Kama umefunika matango au maboga, kiondoe maua yanapochanua ili nyuki waingie. Kitambaa hiki hakiozi, kwa hiyo usikitupe shambani. Kikung'ute, kikunje, ukiweke kivulini hadi msimu ujao.