Mwandishi wa safari, umemweleza nani?

Ewe kijana unayeandika makala za safari kwa kujitegemea, huna ofisi wala mshahara. Hulipwa makala ikichapishwa, na nauli ya basi ni yako. Haya, umefika Garissa kutazama twiga wa Bour-Algy na soko la mifugo.

Lakini Garissa si twiga tu. Mnamo Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha huko, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Ukiketi kunywa chai, mwenyeji atakusimulia siku hiyo, au ukame uliomaliza ng'ombe wake. Utasikiliza, utaandika, kisha utapanda basi la kurudi Nairobi na hayo yote kifuani. Utamweleza nani? Ripota aliyeajiriwa angalau ana wenzake wa kupiga nao soga asubuhi.

Basi, kabla hujavuka daraja la Mto Tana, patana na mtu mmoja nyumbani umpigie simu kila jioni, hata kama huna jambo. Usitafune miraa ili umalize makala usiku (najua wengine mtanuna). Itakunyang'anya usingizi ule ule unaouhitaji.

Nanyi wazazi, kijana akirudi msianze kumuuliza amelipwa ngapi. Akikosa usingizi kwa wiki mbili, akijitenga na chakula kikimshinda, mpelekeni hospitali. Huo si uvivu. Na akitaja kufa, nendeni siku hiyo hiyo.