Feni Tatu Nyuma ya Kioo

Mpwa wangu wa Mbale alitumia akiba ya mwaka mzima kujiundia kompyuta ya michezo. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikwenda katika kadi ya picha ya wati 200. Sanduku alilichagua kwa uzuri: uso wake wote ni kioo, pasipo tundu. Feni tatu nyuma ya kioo hicho zilizunguka bure, na siku ya tatu mashine ikaanza kujizima katikati ya mchezo.

Hakuna kilichoharibika. Kadi ilikuwa ikirudia kuvuta joto lake yenyewe. Tulitafuta sanduku lenye uso wa wavu, tukafunga mbele feni mbili za milimita 140 zivute, na nyuma moja ya milimita 120 itoe. Feni kubwa huzunguka polepole kwa hewa ile ile, basi haipigi kelele. Hewa iingiayo ikizidi itokayo, vumbi halipenyi katika nyufa bali hukamatwa na kichujio. Mkaazi wa Jinja akisafishe mara kwa mara, maana wale wadudu wadogo wa ziwani hawabishi hodi.

Kichakato chake ni cha wati 65. Kisambaza umeme cha wati 550 kinatosha. Awe na betri ya akiba pia, kwani hata jirani wa bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, hukatikiwa umeme.

Sanduku la kioo sasa liko juu ya kabati la dada yangu, limejaa maua ya plastiki.