Je, Wajua? Wanawake Waliokataa Kupangiwa Mto Wao

Je, wajua kwamba panga lisilomwaga hata tone la damu liliwahi kukwamisha bwawa la umeme kwa zaidi ya miaka 20? Februari 1989, mjini Altamira, Brazili, wakubwa wa shirika la umeme la Eletronorte walikuja kueleza mpango wao wa kuuziba mto Xingu. Tuíra, mwanamke kijana wa Wakayapó, alitoka katikati ya umati akamwekea mmoja wao ubapa wa panga shavuni. Picha ikazunguka dunia, Benki ya Dunia ikaachana na mkopo, mradi ukalala. Lakini haukufa. Ulirudi kwa jina la Belo Monte, ujenzi ukaanza 2011, na Tuíra, aliyefariki 2024, aliishi hadi kuliona bwawa likizalisha umeme.

Je, wajua kwamba kesi inaweza kuahirishwa kwa sababu ya wimbo? Machi 2019, mjini Puyo, Ekuador, wanawake wa Kiwaorani, walioishtaki serikali kutetea msitu wao, waliona mkalimani hafai na mahakama iko mbali na wazee wao. Wakaanza kuimba, na hawakunyamaza mpaka hakimu akaahirisha. Serikali ilidai kwamba ilishauriana nao mwaka 2012 kabla ya kuvitenga vitalu vya mafuta. Aprili 2019 mahakama iliamua kuwa mashauriano yale hayakuwa mashauriano, na hekta zipatazo 200,000 za msitu zikaepuka mnada. Kiongozi wao, Nemonte Nenquimo, alipata Tuzo ya Goldman ya utetezi wa mazingira mwaka 2020.

Hilo la kuulizwa ndilo kiini cha kesi nyingi za aina hii. Ajabu ni kwamba sheria inayotegemewa sana imetoka kwa Shirika la Kazi Duniani: Mkataba namba 169 wa mwaka 1989, unaozitaka serikali zishauriane na wenyeji kabla ya kugusa ardhi yao. Barani Afrika umeridhiwa na Jamhuri ya Afrika ya Kati pekee.

Honduras iliuridhia mwaka 1995. Haikusaidia sana. Berta Cáceres, mwanamke wa jamii ya wenyeji ya Walenka, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa COPINH, chama cha kutetea wenyeji, mwaka 1993, akiwa na miaka 22. Wanaomsifu mara nyingi humsahau mama yake, Austra Flores, mkunga aliyewahi kuwa meya wa mji wao wa La Esperanza na aliyewasaidia wakimbizi wa vita vya El Salvador. Kampuni ya DESA ilipopewa kibali cha kujenga bwawa la Agua Zarca kwenye mto Gualcarque, ambao Walenka huamini unakaliwa na roho za wasichana, wanakijiji wa Río Blanco hawakuwa wamekubali. Aprili 2013 wakafunga barabara ya kwenda kwenye ujenzi, wakalinda kizuizi kwa zamu. Julai askari alimpiga risasi na kumuua mmoja wa viongozi wao. Hawakuondoka. Mwaka huohuo Sinohydro, kampuni kubwa ya Kichina iliyokuwa ikijenga bwawa, ikafungasha virago.

Berta alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Usiku wa Machi 2, 2016, wauaji walimvamia nyumbani kwake, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 45. Kwa kawaida kesi kama hizi huishia kwa vibaraka waliofyatua risasi. Hii ilipanda ngazi: David Castillo, aliyekuwa mkuu wa DESA na aliyepata kuwa ofisa wa ujasusi jeshini, alitiwa hatiani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na miezi 6.

Je, wajua kwamba Tuzo hiyohiyo ya Goldman ilikwenda Turkana mwaka 2012? Ikal Ang'elei alipinga bwawa la Gibe III, lenye urefu wa zaidi ya mita 240, kwenye mto Omo wa Ethiopia unaolipatia Ziwa Turkana sehemu kubwa ya maji yake. Bunge la Kenya lilidai tathmini huru, na wakopeshaji wakubwa wakajiweka kando. Halafu mwaka uleule wa 2012 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa kujenga njia ya kuleta umeme wa Ethiopia Kenya. Anayetaka kucheka na acheke. Bwawa lilizinduliwa Desemba 2016.

Na kabla ya hao wote alikuwepo Mekatilili wa Menza, wa pwani ya Kenya. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi na vibarua wa mashamba ya walowezi, na walikuwa wakipanga kuwahamisha Wagiriama kutoka ukingo wa kaskazini wa mto Sabaki, wenye rutuba. Mjane huyu alivuta umati kwa kucheza kifudu, ngoma ya msibani, na wanawake wakala kiapo cha mukushekushe kwamba hawatashirikiana na serikali. Alikamatwa akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Alitoroka Januari 1914, akarudi nyumbani kuendelea na kazi. Agosti walimkamata tena, na mwezi huohuo wakailipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Wagiriama walifukuzwa kutoka ukingo ule wa kaskazini wa Sabaki. Baadaye serikali ikawaruhusu kurudi.